Nilikuwa Nimeinama

Mama Lucky anasema Shadrack alilala. Anasema alianza kusinzia tangu kule juu ya mlima, kichwa kikawa kinakwenda mbele na kurudi kama cha kuku anayekunywa maji, na mguu wake, ambao nao ulikuwa umelala, ukabaki juu ya pedeli ya mafuta. Gari likashuka kama limefukuzwa. Ndipo Ikupa, anasema, binti mdogo, aliyeishia darasa la saba tu, akamrukia dereva, akamsukuma kando, akashika usukani na huku anaita jina la Yesu, akalipeleka gari kwenye matofali, mbali na mnada uliojaa watu na ng'ombe.

Mama Lucky ni jirani yangu, ukuta wake na wangu zinapakana. Siku hiyo hakuwepo. Alikuwa hapa hapa kijijini, Mpemba, anaanika mahindi. Lakini anavyosimulia ungedhani alikaa katikati yetu, kati ya usukani na gunia.

Ikupa ni mimi.

Amesimulia bombani, amesimulia msibani, amewasimulia wapangaji wapya kabla hawajamaliza kushusha vitanda. Kila mara anaongeza kidogo. Kwenye harusi ya binti yake wa pili nilipewa kiti cha mbele, na mama mmoja nisiyemjua, ambaye siku ile alikuwa mnadani na mwanawe mgongoni, alinishika mikono yote miwili. Nilimwacha ashike. Viganja vyake vilikuwa vya moto. Nilitazama chini, na watu wakasema, mwaona, na unyenyekevu pia anao.

Mwaka ule mvua ziliwahi. Nilikuwa nafuata chumvi Ivuna kila wiki, kwa pikapu ya mzee Makame, mfanyabiashara wa Tunduma mwenye asili ya Pemba, na dereva wake alikuwa Shadrack. Ukienda Ivuna utawaona wanawake wa kule wamekaa mbele ya moto, wanachemsha maji ya chumvi mpaka kwenye chungu unabaki uji mweupe, mzito, unaopumua. Chumvi hiyo haikauki siku ile ile. Unaijaza kwenye gunia, unafunga mdomo, na bado inalia. Ukiisogelea unasikia tone, kisha kimya, kisha tone.

Kiangazi hakuna shida. Gunia unalitupa nyuma kwenye bodi, jua linafanya kazi yake njiani. Masika ni habari nyingine. Turubai la mzee Makame lilikuwa na matundu, na mvua ya kule haiulizi. Unapakia gunia limejaa, unateremsha limelegea kama shavu la kizee, nusu imerudi ardhini. Sisi wafuata chumvi tulijua dawa yake, tukaizoea hadi tukaiona ya kawaida: gunia la mvua linakaa kabini, na dereva. Mzee Makame alikataza. Alikuwa amesema mbele yetu sote, chumvi nyuma, watu nyuma, mbele, kando ya dereva, akae mtu mmoja na miguu yake. Lakini mzee Makame alikuwa Tunduma, na mvua ilikuwa huku.

Shadrack hakuwa mtu wa kukataa. Alikuwa Mnyiha wa Mbozi, miaka arobaini hivi, ana kitambaa cha kufutia dashibodi alichokikunja mara nne kama leso ya kanisani. Mimi ningeweza kuwa mdogo wake wa mwisho, lakini aliniita dada Ikupa, nami nikamwita kaka. Aliniambia weka, dada, ila usiseme. Nikaweka magunia mawili, moja chini ya miguu yangu, lingine limelala kwenye sakafu mpaka karibu na gia. Loisi, mwenzangu wa biashara, ambaye alikuwa akipanda nyuma, alikuwa akigonga kioo na kuwaambia wenzake kwamba Ikupa leo anasafiri na mume wake mweupe, mwacheni wazungumze. Nyuma wote wanacheka. Mimi nacheka. Maji ya chumvi yanatiririka taratibu kwenye zulia, yanaelekea upande wa kulia, kwa sababu gari lile lilikuwa limeinamia upande wa dereva.

Mimi si msemaji, ni mtu wa kutazama. Ukikaa mbele ya gari wiki baada ya wiki, unaanza kumjua dereva kwa miguu yake. Nilianza kuona kwamba kila tukimaliza mlima, Shadrack anapoondoa mguu kwenye mafuta, pedeli inarudi kwa kujifikiria. Safari iliyofuata aliichokonoa kwa ncha ya kiatu, akaiinua. Nyingine aliiinua mara tatu. Akasema inakuwa nzito, nitaipeleka kwa fundi Jumamosi. Jumamosi ikafika na safari, na nyingine pia.

Siku moja tulisimama njiani, yeye akashuka kuangalia tairi. Nikainama. Pale pedeli inapojishikiza kwenye chuma, na pale kebo inapoingia ukutani kwenda kwenye injini, palikuwa pameota kitu cheupe, kigumu, kimekaa juu ya kutu kama ukungu kwenye mkate. Nikakwangua kwa ukucha. Nikaonja.

Sikuhitaji fundi aniambie.

Alipopanda, alinikuta nimekaa sawa, mikono mapajani. Nilikuwa na maneno mdomoni pamoja na ile chumvi, vyote viwili nikavimeza. Ningesema nini? Ningesema, kaka, chumvi yangu inakula gari lako, na yeye angesema basi dada, turudishe magunia nyuma. Na nje ilikuwa inanyesha. Nikajiambia, wiki moja tu. Mvua ikitulia nitasema. Ninaandika haya wakati kumekauka, jua limekaa juu ya mabati, na bado nikisikia tone popote, hata la bomba lisilofungwa vizuri, siwezi kukaa chini. Nainuka, nafunga. Narudi, nainuka tena kuangalia kama nimefunga.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, mchana. Nyuma walikaa watu saba chini ya turubai. Tulipanda mlima wa kutoka bondeni kwa gia ya pili, pedeli imelala chini kabisa, kama inavyotakiwa kwa mzigo ule. Juu, barabara inanyooka kidogo tu, kisha inateremka moja kwa moja mpaka mnadani, na Alhamisi ndiyo siku ya mnada. Ng'ombe wanakuwa barabarani, watu wanakuwa katikati ya ng'ombe, na watoto wanakuwa popote.

Tulipofika juu, Shadrack aliondoa mguu. Niliuona mguu ukiondoka. Pedeli ikabaki chini.

Akaichokonoa kwa ncha ya kiatu. Mara moja. Mara mbili. Gari lilikuwa tayari limeuona mteremko na linaufurahia. Akakanyaga breki, na breki zikashika, lakini injini ilikuwa inavuta upande wake, na baada ya muda harufu ikaanza kuingia, harufu ya kitu kinachoungua bila moto.

“Imenata,” alisema. Alisema kama mtu anayesema kumeanza kunyesha. “Dada Ikupa, inama. Ivute kwa mkono.”

Niliinama. Ilibidi nilale juu ya gunia, kichwa kipite chini ya mkono wake, mpaka shavu langu likawa gotini kwake. Mimi msichana, yeye mume wa mtu. Nakumbuka hata wakati ule niliona aibu, na nikashangaa kwamba aibu ilipata nafasi. Nyuma walianza kugonga kioo. Walichokiona wao kupitia kile kioo ni mimi nimemrukia dereva, na mikono inahangaika kwenye usukani. Siwalaumu. Hata mimi ningekuwa nyuma ningesimulia hivyo hivyo.

Lakini mimi sikuuona usukani. Sikuiona barabara, wala mnada, wala ng'ombe. Mimi ambaye naambiwa niliwaokoa wale watu, siku ile sikuona hata mmoja wao. Niliona soksi mbili. Ya kushoto ilishonwa kifundoni kwa uzi wa kijani. Niliona pedeli, imelowa maji ya chumvi, inateleza vidoleni mwangu kama samaki. Nikaizungushia pembe ya kitenge, nikavuta. Ikaja kidogo, ikagoma.

Na juu yangu sauti yake ilikuwa inashuka, taratibu, inaniambia kila anachofanya, kana kwamba ananifundisha.

“Nakanyaga klachi. Itapiga kelele sana. Usiogope kelele, ni injini tu.”

Injini ikalia kama nguruwe anayechinjwa.

“Natoa gia. Sasa nazima, lakini nusu tu, ufunguo ukirudi wote usukani unajifunga. Endelea kuvuta. Hivyo hivyo.”

Kisha kimya. Sijawahi kusikia kimya kikubwa namna ile. Gari linakwenda, upepo unapita, na ndani ya kimya kile nikaanza kusikia mnada. Kengele za ng'ombe. Mtu anapigia kelele bei. Mtoto anacheka. Vilikuwa karibu mno.

“Breki zimekuwa ngumu,” alisema. “Toa mkono, dada. Shika gunia.”

Nikatoa mkono, na kiatu chake cha pili kikashuka juu ya breki, pale mkono wangu ulipokuwa umepita. Nikalikumbatia gunia. Gari likaacha barabara, likaruka mtaro, na likaingia kwenye matofali mabichi ya mtu, marefu kama ukuta wa shule, yaliyokuwa yanasubiri kuchomwa.

Hakufa mtu. Loisi alirushwa nje akavunjika mkono wa kulia. Wengine walichubuka. Mnadani hakuguswa hata kuku. Magunia yalipasuka, na kabini yote, kiti, dashibodi, nywele zake, nywele zangu, kila kitu kikawa cheupe. Ndiyo maana hakuna aliyejiuliza kwa nini pedeli ina chumvi. Kila mahali palikuwa na chumvi.

Askari alikuja. Akaingiza mkono, akabonyeza pedeli. Ikashuka, ikapanda. Akabonyeza tena, ikapanda tena, nyepesi, mpya kabisa. Ule mgongano ulikuwa umeibandua. Shadrack alisimama pale, damu inamtoka puani, anaitazama kama mtu anayemtazama ndugu yake akimkana.

Askari akasema mbona inacheza vizuri. Kisha akawauliza wa nyuma, na wa nyuma wakasema walichokiona. Kisha akanigeukia mimi.

“Wewe ulikuwa mbele. Dereva alilala?”

Shadrack alinitazama. Hakukonyeza, hakuomba. Alisubiri tu, kama unavyosubiri chenji kwa mtu unayemwamini.

“Mimi nilikuwa nimeinama,” nikasema.

Ilikuwa kweli. Hakuna siku niliyosema kweli nikaona nimedanganya kama siku ile. Kwa sababu ningesema pedeli ilinata, swali la pili lingekuwa ilinata kwa nini, na mimi jibu nilikuwa nalo chini ya ukucha. Askari akaandika. Shadrack akaangalia chini, akaanza kupangusa chumvi kwenye suruali, polepole, mguu mmoja, kisha mwingine.

Shadrack aliposema pedeli ilinata, mzee Makame alimfukuza mbele ya watu, akamwita mwongo, na mtoto mkubwa wa Shadrack yupo. Tunduma ni mji wa magari. Habari ya dereva aliyelala inapita kwenye foleni ya malori haraka kuliko dereva mwenyewe anavyoweza kutembea. Alikwenda kwa tajiri huyu, akaambiwa subiri. Akaenda kwa mwingine, akaulizwa, si wewe wa matofali? Baada ya miezi miwili nikasikia anaosha malori barabarani, kwa ndoo na brashi, pamoja na vijana wenye umri wa mwanawe. Mimi nilipata usafiri mwingine wa chumvi. Nikawa nakaa nyuma, hata kwenye jua.

Miezi tisa niliishi hivyo. Nilikuwa najiambia nitakwenda Jumatatu, na Jumatatu nilikuwa na sababu.

Kilichoniamsha kilitokea wiki iliyopita, bombani. Mama Lucky alikuwa anamsimulia mpangaji mgeni, amefika kwenye kuku anayekunywa maji, na Shadrack akatokea kwenye njia, ndoo mkononi, anakwenda zake. Mama Lucky akajifanya anasuuza dumu. Shadrack naye akasimama.

“Endelea tu, mama Lucky,” akasema.

Mama Lucky akacheka kidogo, akasema, aah, baba, ni mambo ya zamani hayo, sisi wanawake na midomo yetu. Lakini mgeni alikuwa anataka mwisho, akauliza, kwa hiyo dereva alilala kweli? Na Shadrack, bila hasira, kama mtu aliyeulizwa mwaka wa kuzaliwa na hana uhakika, akasema, “Pengine nililala.”

Akaenda. Dumu langu lilikuwa linafurika miguuni na sikuliona.

Ningeweza kuvumilia kama angenichukia. Nilijiandaa kwa hilo tangu siku ya kwanza. Sikujiandaa kwa yeye kuamini. Nilikuwa sijamnyang'anya kazi tu. Nilikuwa nimechukua na ile siku yenyewe.

Nilianza kwa Loisi. Alinisikiliza huku anapepeta maharage kwa ule mkono uliounga vibaya, kiwiko kimetazama nje. Nilipomaliza, akasema, “Kumbe mume wako mweupe ndiye aliyenivunja.” Hakucheka. Akaendelea kupepeta, na baadaye akasema niondoke, atanitafuta yeye akiwa tayari. Hajanitafuta.

Kesho yake nikapanda kwenda Tunduma. Mzee Makame alikuwa ametoka kuswali alasiri, akanikaribisha dukani, nikakaa juu ya magodoro yaliyofungwa. Nikamwamkia. Nikamwambia vyote: gunia kabini, zulia, ukungu ule mweupe, nilivyoonja. Nikamwambia na maneno ya Shadrack, moja moja, kelele ni injini tu, nazima nusu. Hakunikatiza. Alikuwa anahesabu tasbihi, na nilipofika kwenye ufunguo, vidole vilisimama.

Akauliza kwa nini sikusema siku ile.

“Chumvi ilikuwa yangu, mzee.”

Mteja aliingia akauliza bei ya shuka, mzee hakumjibu, mteja akatoka. Kisha akasema kwamba yeye ni mtu mzima na amemwita mwenzake mwongo mbele ya mwanawe, na hilo sasa liko shingoni kwake, na nusu yake nimemtwisha mimi. Akasema pikapu imetengenezwa, ipo, kijana aliyekuwa anaiendesha amevuka kwenda Zambia na hajarudi. Akasema Shadrack aje Jumatatu, na ufunguo atampa yeye mwenyewe, hapo hapo alipomfukuzia, watu wakiwepo. Ila mimi, chumvi yangu isipande tena gari lake lolote. Nikasema ndiyo. Akasema na mimi mwenyewe pia. Nikasema ndiyo.

Shadrack nilimkuta jana kwenye foleni ya mpakani, kati ya matrela mawili, amechuchumaa anasugua tairi la lori la shaba. Dereva wa lori alikuwa ametoa kichwa dirishani, anamwita mudala, yaani mzee kwa lugha ya Zambia, anamwambia asilisahau na la ndani. Nikachuchumaa naye. Nikasema niliyoyasema kwa mzee Makame, kwa mpango ule ule, maana nilikuwa nimeshayashika. Brashi haikusimama. Povu la udongo lilikuwa linashuka kati yetu, linatafuta njia.

Nilipofika mwisho akasema, akiwa bado anasugua, kwamba yeye anajiona. Anajiona kabisa akilala. Kichwa kinashuka, kidevu kinagusa kifua. Akaniuliza, mtu atakionaje kitu kisichokuwepo?

“Hukulala, kaka. Ulikuwa unaniambia kila unachofanya. Uliniambia nisiogope kelele, ni injini tu.”

Brashi ikasimama.

“Nilisema hivyo?”

“Ulisema. Na ukasema usukani usijifunge. Na soksi yako ya kushoto ilishonwa kwa uzi wa kijani. Mtu aliyelala hasemi yote hayo.”

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ya askari. Macho yake yalikuwa mekundu kwa sabuni. Sikujua anatafuta nini usoni kwangu, nikauacha uso wangu hapo hapo autafute vizuri. Kisha akatazama mikono yake, akaigeuza, viganja vimekunjamana kwa maji kama vya mtu aliyezama.

Mbele yetu foleni ikaanza kusogea. Malori yakawashwa moja baada ya jingine, mtetemo ukaja ardhini mpaka kwenye magoti. Dereva akapiga honi fupi. Shadrack akainuka, akachukua ndoo, na lori lilipoanza kutembea akatembea nalo, sambamba na tairi alilokuwa hajalimaliza. Nami nikatembea upande wake, nikiruka madimbwi.

“Mzee Makame amesema Jumatatu,” nikamwambia. “Kaka Shadrack. Naomba uende.”

Akachovya brashi kwenye ndoo, akaitikisa maji, na akaendelea kutembea.